Kiungo cha Thelathini na Moja

Jumatatu, 2 Machi

Viungo vyote arobaini na viwili vya bomba la maji la bondeni vitachomelewa na mume wa dada yangu. Injinia ametamka hivyo leo saa mbili na robo asubuhi, mbele ya watu kumi na wanne, akiwa amesimama juu ya kreti tupu. Sababu aliyoitoa ni moja: mkono wake hautetemeki.

Dereva wa krane akadakia palepale, "Basi huyu tumwite Mkono." Kufikia saa nne hakuna aliyemwita jina jingine.

Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kijiti cha kuchomelea. Hilo halikutajwa. Sikulitaja.

Nilikuwa fundi mkuu wa kuchomelea kwa miaka kumi na tisa. Mwaka juzi daktari wa macho aliandika mistari miwili, nikahamishiwa yadi. Kazi yangu sasa ni kupima mabomba, kutunza namba zake na kushika ufunguo wa tanuri ambamo vijiti hukaushwa. Naandika haya kwenye kurasa za nyuma za daftari la yadi. Injinia husoma za mbele tu.

Jumanne, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Hakuna kazi.

Alhamisi, 5 Machi

Malori matano yameshusha mabomba. Nimepokea, nimehesabu, nimepima.

Mabomba madogo ya zinki ni ya kuingiza maji majumbani. Hayahusiani nasi kwa sasa. Manne hayana mshono: gogo la chuma limetobolewa katikati likiwa jekundu kwa moto. Hayo ni ya nyumba ya pampu. Mengine yote ni makubwa, inchi ishirini na nne, nayo yana mshono: bamba limekunjwa likawa duara, kisha likachomelewa kwa urefu. Unene milimita kumi na nne, urefu mita sita.

Makubwa haya ni ya vyuma viwili, na macho hayawezi kuvitenganisha. Kuna cha kawaida na kuna kigumu. Kigumu hubeba mara moja na nusu ya kinachobebwa na cha kawaida, kwa hiyo kinakwenda chini kabisa bondeni. Maji yatashuka mita mia mbili na sitini kutoka chemchemi, na pale chini yatasukuma kila sentimita ya mraba kwa kilo ishirini na sita. Cha kawaida kinakwenda kwenye mteremko wa ng'ambo, ambako msukumo unapungua.

Lakini kigumu kina tabia. Kabla ya kukichomelea lazima ukipashe kwa tochi ya gesi mpaka nyuzi mia. Usipofanya hivyo, ubavu wa mchomo hupoa haraka, hukakamaa, halafu ufa hujitengeneza kimyakimya ndani yake, kesho yake au keshokutwa. Ndiyo maana kiungo cha chuma kigumu hupigwa picha ya eksirei baada ya siku mbili. Cha kawaida hupigwa siku ileile.

Ili tusichanganye, kila bomba lina pete ya rangi upande mmoja: nyeupe kwa cha kawaida, njano kwa kigumu. Rangi ni ya kusaidia tu. Kitambulisho chenyewe ni namba iliyogongwa kwenye chuma. Bomba likikatwa vipande viwili, kipande kimoja hubaki na namba na kingine hakina kitu. Kwa hiyo amri ya yadi ni namba kwanza, kukata baadaye. Mimi ndiye mwenye nyundo na herufi za chuma za kugongea.

Jumatatu, 9 Machi

Mkono ameanzia chini kabisa, kama nilivyokuwa nikianza mimi. Viungo vinne ndani ya siku mbili.

Nakula kwa dada yangu mdogo. Chumba changu kiko nyuma ya nyumba yao. Jioni alisema, "Kaka, unamtazama mume wangu mpaka chakula kinapoa."

"Namwangalia vidole," nikasema.

"Vimefanya nini vidole vyake?"

"Havijafanya kitu."

Mkono akacheka. "Shemeji, leo ulinipa vijiti au njiti za kiberiti? Vimekwisha kabla sijakaa sawa."

"Uliandikiwa sitini, ukapewa sitini."

"Anahesabu hata punje kwenye sahani," akamwambia dada. "Ndiyo maana namwamini."

Alhamisi, 12 Machi

Mtu wa picha za eksirei ametoa filamu za viungo tisa vya kwanza. Alisema vyote ni safi.

Nilimwomba nizione. Nimezisoma zote tisa kwenye taa yake, kwa kioo cha kukuzia, dakika arobaini. Natunza kumbukumbu zangu za miaka yote kumi na tisa: katika kila viungo mia nilivyochomelea, vitatu vilikatwa na kurudiwa. Hilo lilikuwa jambo la kujivunia. Mkono hana hata kimoja.

"Unatafuta nini?" aliniuliza mtu wa picha.

"Nahakiki."

"Umehakiki mara mbili."

Nilikuwa natafuta doa. Sikulipata.

Jumatatu, 16 Machi

Viungo kumi na vinne. Safi. Mvua.

Alhamisi, 19 Machi

Leo amri ya yadi imevunjwa. Naandika mpangilio wake kama ulivyokuwa.

Saa saba na dakika ishirini Mkono aliniita kwa redio ya mkononi. Alihitaji kipande cha mita tatu na sentimita sitini cha chuma kigumu, na bomba 417 lilikuwa limeshavutwa hadi kwenye mashine ya kukatia. Wingu lilikuwa limeshuka. Alitaka nije nigonge namba kwenye nusu ya pili kabla hajakata.

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nilimjibu nakuja. Nilimaliza chai. Nilisuuza kikombe, nikakikausha. Hatua za kutoka kibandani kwangu hadi pale ni mia moja na ishirini, na nilifika baada ya dakika ishirini na tano.

Alikuwa ameshakata. Alikuwa ameshaondoka na kipande chenye namba. Kilichobaki, cha mita mbili na sentimita arobaini, kilikuwa kimelala kwenye tope bila namba wala pete.

Dereva wa krane alisema, "Amekungoja, mzee. Kisha akasema mvua haimngojei mtu wa chai."

Mashine ilikuwa bado ya moto. Ningeweza kugonga namba 417 kwenye kile kipande kwa dakika tatu. Mvua ilianza nikiwa natafuta herufi mfukoni. Niliandika daftarini: "417, kipande kilichobaki, mita 2.40, kigumu, hakina namba. Kugongwa kesho."

Ijumaa, 20 Machi

Mvua. Sikugonga.

Jumatatu, 23 Machi

Rangi ya pete inabanduka kwa mvua. Nilimwambia kibarua wa rangi apake upya mrundo wote wa upande wa kulia, nyeupe. Nilipopita saa kumi alikuwa amemaliza. Kumbe krane ilisogeza vitu Jumamosi, na kile kipande kifupi kiliviringishwa kwenye mrundo huohuo. Sasa kina pete nyeupe, nzuri kabisa, mbichi.

Nilisimama pale muda. Kisha nikaenda nyumbani.

Jumatano, 25 Machi

Kila fundi ana muhuri wa chuma wenye namba yake, na huugonga pembeni ya kiungo akimaliza, ili kikiharibika ijulikane ni cha nani. Wangu ulikuwa namba moja. Niliurudisha ofisini mwaka juzi, ndani ya bahasha, na karani akaniandikia risiti. Mkono alikuwa na namba saba.

Leo, baada ya kiungo cha ishirini na tisa kutoka safi, Injinia alimwita mbele ya watu. Alifungua bahasha. Ilikuwa bahasha ileile. Mwandiko juu yake ni wangu.

"Kuanzia leo unagonga namba moja," alisema.

Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, nilihesabu, mara sita. Mkono alinitazama, kisha akaangalia chini. Jioni mezani alisema, "Shemeji, ile namba sikuiomba."

"Najua."

"Kama inakukera, sema."

"Chuma tu hicho," nikasema.

Dada alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Nyie wanaume wawili mkigawana namba nigawieni na mimi. Nimechomelea nyumba hii miaka kumi na moja na sijapewa hata sifuri."

Tulicheka wote.

Alhamisi, 26 Machi

Saa tatu na nusu Mkono aliomba kipande kifupi, mita mbili na kidogo, chuma cha kawaida, cha kuingiza kwenye kona ya mteremko. Dereva wa krane alichukua kile kilichokuwa juu ya mrundo wa kulia. Kilikuwa ni kile. Nilimwona akikifunga mnyororo. Nilikuwa mlangoni mwa kibanda, mita kumi na tano.

Saa tano kasoro dakika tano redio iliita. Nanukuu yote, kwa kuwa nayakumbuka yote.

"Shemeji, hiki kipande kifupi ulicholeta, ni cha kawaida?"

"Kina rangi gani?"

"Nyeupe. Lakini sioni namba."

"Kama ni nyeupe, fuata rangi."

"Grenda ya kusagia ncha inalia vingine juu yake."

"Grenda yako inalia kila siku."

Watu walicheka redioni. Nilimsikia naye akicheka. Kisha akasema, "Haya, shemeji. Nafuata."

Hakupasha, maana chuma cha kawaida hakipashwi. Alikichomelea kikiwa baridi, manyunyu yakianguka juu ya turubai. Vijiti nilivyompa vilikuwa vikavu, hilo nililitimiza. Saa tisa mtu wa picha alipiga picha, siku ileile, kama inavyotakiwa kwa cha kawaida. Filamu ilikuwa safi. Ingekuwaje isiwe safi? Ufa ulikuwa bado haujazaliwa.

Ni kiungo cha thelathini na moja. Kimegongwa namba moja.

Ijumaa, 27 Machi

Sikusema kitu.

Jumamosi, 28 Machi

Mtaro umefukiwa kutoka kiungo cha ishirini na tano hadi cha thelathini na tatu. Umebaki uchochoro mwembamba wa kukagulia juu ya kila kiungo, upana wa mtu mmoja.

Sikusema kitu. Naandika ili pasiwe na mjadala baadaye kama nilisahau. Sikusahau.

Jumatatu, 30 Machi

Mvua. Mguu wa dereva wa krane umetegukia kwenye ngazi yake mwenyewe. Anasema ni kijicho cha watu. Watu wamemcheka.

Alhamisi, 2 Aprili

Kiungo cha mwisho kimechomelewa leo saa nane. Injinia amesema hajawahi kuona arobaini na viwili kwa arobaini na viwili, na kwamba Mkono ndiye atakayesimamia laini ya pili, watu thelathini. Alisema pia kwamba mimi nitakuwa chini yake. Alilisema kwa upole, kama mtu anayemhamisha mgonjwa kitanda.

Mambo mawili yapo kichwani kwangu kwa pamoja, na sitajifanya ni moja. La kwanza: najua ni arobaini na kimoja. La pili: kulijua peke yangu kunanipa raha. Ni raha chafu, lakini ndiyo niliyo nayo tangu Machi.

Jumatatu, 6 Aprili

Injinia ametangaza jaribio. Ni Alhamisi tarehe 9, saa tatu asubuhi. Bomba litajazwa maji na kusukumwa kwa pampu hadi kilo thelathini na tisa, mara moja na nusu ya mzigo wake wa kila siku, na litakaa hivyo saa nne. Hakuna mtu kuingia mtaroni wakati wa jaribio. Amelibandika kwa maandishi.

Jumanne, 7 Aprili

Mkono alikuja kibandani saa sita, akaketi kwenye ndoo ya rangi.

"Cha thelathini na moja hakinipi usingizi," alisema.

"Kina nini?"

"Sijui. Nilipokigonga na nyundo kilitoa mlio mfupi. Nimemwomba Injinia kipigwe picha tena. Kasema filamu ni safi, mpigaji keshafunga vyombo, tusonge."

"Filamu ni safi, kweli."

"Ndiyo nilichojiambia. Na nawe ulisema ni cha kawaida." Aliinuka, akajipangusa matope magotini. "Basi. Wewe hukosei kwenye mabomba, ni mimi nina wasiwasi wa bure."

Aliondoka. Nilikaa na jambo moja: nilihitaji daftari, namba na miaka kumi na tisa kujua kile chuma ni kigumu. Yeye amekijua kwa sikio. Nikamwonea wivu upya, hata kwa hilo, hata wakati huo.

Jumatano, 8 Aprili

Saa moja jioni tulikuwa mezani watu watatu. Mvua ilikuwa kubwa juu ya bati, ikabidi watu waongee kwa sauti.

Dada alimuuliza mumewe kesho atavaa nini, kwa kuwa buti lake moja limepasuka. Mkono akasema buti halina neno, atashuka polepole.

"Kushuka wapi? Si mmekatazwa mtaroni?"

"Tumekatazwa kwa maandishi," alisema Mkono, akicheka. "Nitapita kwenye viungo vyangu presha ikishapanda. Kila kimoja naweka mgongo wa kiganja. Kikitoka jasho unakijua kabla ya mtu wa pampu. Hivyo ndivyo kaka yako alivyonifundisha, siku ya kwanza. Fundi halali ofisini huku kazi yake inabanwa."

Ni kweli nilimfundisha. Nimefanya hivyo mwenyewe mara zisizohesabika. Kila fundi wa kampuni hii hufanya, na kila injinia hukataza.

Niliweka kijiko chini.

"Usikiguse cha thelathini na moja," nilisema.

"Kwa nini hicho?"

"Ni chuma kigumu. Ni nusu iliyobaki ya 417. Hukukipasha."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia nifuate rangi."

"Nilikuambia."

Dada akasema, "Ngojeni. Rangi gani? Mnaongea nini?"

Mkono alinigeukia mimi. "Ulijua lini?"

"Tangu rangi ilipopakwa. Tarehe ishirini na tatu."

"Kwa hiyo nilipokuita kwenye redio ulikuwa unajua."

"Nilimwona dereva akikifunga mnyororo."

Aliendelea kula. Alikula kila kitu kilichokuwa kwenye sahani, polepole, kisha akanawa mikono, akaifuta kidole kwa kidole. Ndipo akauliza, "Kwa nini, shemeji?"

"Walikupa namba yangu."

"Ungeniomba ningekurudishia. Pale pale."

"Najua. Ndiyo sababu sikuomba."

Dada alikuwa ameshaelewa. Sikuona ni wakati gani hasa. "Kaka," alisema, "kesho asubuhi huyu angekuwa ameweka mkono pale."

"Ndiyo."

"Wewe ungekuwa wapi?"

"Juu. Kwenye pampu."

Alichukua sahani yangu. Ilikuwa bado na chakula. Aliipeleka jikoni, akarudi, akasimama nyuma ya kiti cha mumewe.

"Kuanzia kesho usije kula hapa," alisema. Hakupandisha sauti, mvua ilikuwa imepungua.

Mkono alisema, "Saa moja na nusu asubuhi, ofisini kwa Injinia. Utakuja mwenyewe au nije nikuchukue?"

"Nitakuja mwenyewe."

Alhamisi, 9 Aprili

Nilifika saa moja na dakika ishirini. Mkono alikuwa tayari yupo, amesimama nje ya mlango. Hakuitikia salamu.

Nilimweleza Injinia kwa mpangilio: chai, kukata, rangi, redio. Nilifungua daftari ukurasa wa tarehe 19 mwezi uliopita. Alisoma mstari wa "kugongwa kesho" mara mbili.

"Nani alikata bila namba?" aliuliza.

"Mimi," alisema Mkono.

"Kwa nini?"

"Niliona mvua. Nilimngoja kidogo, sikumngoja vya kutosha."

Angeweza kutaja dakika ishirini na tano. Hakutaja. Nilizitaja mimi.

Injinia alivua miwani. "Kuna mtu mwingine anayejua?"

"Mke wangu," alisema Mkono.

"Basi anajua mtu mwenye akili." Alichukua redio, akasimamisha pampu. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi. Maji yalikuwa yameshaanza kuingia.

Kisha akanyoosha kiganja, nikampa ufunguo wa tanuri.

Ijumaa, 10 Aprili

Sikuwapo kwenye mtaro, nimezuiwa. Haya nimeyapata kwa dereva wa krane, na mtu wa picha ameyathibitisha.

Walifukua kiungo cha thelathini na moja kuanzia saa mbili. Kwa macho hakikuwa na kitu. Mtu wa picha alipiga filamu mbili. Upo ufa wa milimita sitini na nne, ubavuni mwa mchomo, upande wa kipande kifupi, kwa ndani. Kwa nje haujafika. Kiungo cha ncha ya pili ya kipande hakina ufa.

Nilimuuliza kama ungefunguka kwa kilo thelathini na tisa.

"Siwezi kusema ungefunguka," alijibu. "Wala siwezi kusema usingefunguka. Ningependa usiniulize tena."

Kipande chenyewe kilikuwa na nguvu kuliko iliyohitajika pale. Cha kawaida kingetosha, na kisingepasuka.

Dereva wa krane aliniambia pia kwamba Mkono alipoonyeshwa filamu aliishika kwenye mwanga kwa muda mrefu, kisha akauliza kama muhuri wake unaonekana. Akaambiwa unaonekana. Akasema sawa.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimeitwa yadi kwa siku tatu, leo hadi Jumatano, kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kusoma daftari langu. Nimesugua kwa brashi ya waya ncha za mabomba mia na themanini na tatu, nimelinganisha kila namba na cheti chake, na mtu wa picha alikaa pembeni akitia alama. Hakuna jingine lisilo na namba. Nilipomaliza alisema, "Umefanya vizuri," kisha akaona aibu kwa kulisema.

Nakula peke yangu chumbani. Namsikia dada akicheka upande wa pili wa ukuta, mara chache kuliko zamani.

Jumatano, 15 Aprili

Kipande kibaya kimekatwa na kutolewa. Leo Mkono ameweka kipya. Nilikuwa ninakusanya brashi zangu, mita thelathini hivi, kwa hiyo haya nimeyaona mwenyewe.

Krane ilishusha kipande ukingoni mwa mtaro. Mkono alichuchumaa, akasafisha ncha, akasoma namba kwa kidole. Nilijua ni 506, cha kawaida; nilikigonga mwenyewe kabla ya kukatwa. Aligeuka. Alinitazama moja kwa moja, na nikafungua mdomo.

Alimwita mtu wa picha. "Njoo unisomee hii," alimwambia. "Kisha angalia kwenye cheti. Kisha unisomee tena."

Mtu wa picha alisoma. Hajawahi kushika kijiti cha kuchomelea maishani mwake, na hajui mlio wa chuma chochote. Mkono alimsikiliza kwa makini, akitikisa kichwa kukubali, kama alivyokuwa akinisikiliza mimi. Roho iliniuma kuliko siku ya bahasha.

Kisha akashusha kofia ya kuchomelea. Nilikaa mpaka alipomaliza duara la kwanza. Mchomo ulikuwa umelala sawasawa, mawimbi madogo yaliyolingana pande zote. Katika miaka kumi na tisa sikuwahi kuupata hivyo. Nimeliandika hili, na halijanipunguzia kitu.

Alhamisi, 16 Aprili

Injinia ameniletea barua mbili, saa tano asubuhi, mkononi. Ya kwanza ni ya watu wote: filamu za viungo vipya ni safi, na jaribio litafanyika Jumatatu tarehe 20, saa tatu kamili, mtaro ukiwa umefungwa kwa uzio na fundi wa kuchomelea akiwa amesimama kwenye pampu, kando ya Injinia, kwa sahihi yake mwenyewe. Mkono ameshasaini.

Ya pili ni yangu. Kikao cha nidhamu ni siku hiyohiyo, saa nane mchana, chumba cha mikutano. Nije na daftari zima, kurasa za mbele na za nyuma.